Idhaa na ridhaa: mipaka iliyomo ndani ya masafa mafupi

Nilipokuwa mtoto Tabora, redio ya nyumbani ilikaa juu ya kabati, imefunikwa kitambaa cha kufuma, na hakuna aliyeruhusiwa kuigusa isipokuwa baba. Kila jioni mtangazaji alitaja kwamba anasikika "kupitia masafa mafupi, mita bendi" fulani na fulani. Kwa miaka mingi niliamini kwamba masafa mafupi ni ya vituo vya jirani. Kilichonichanganya ni kwamba London ilikuwa kwenye mafupi, Ujerumani kwenye mafupi, na Bujumbura na Kigali nazo kwenye mafupi hayo hayo. Siku moja nikamuuliza baba. Akasema, "Sikiliza habari kwanza, mwanangu. Mengine utafundishwa shule." Shule sikufundishwa.

Tatizo linaanzia kwenye neno lenyewe. Masafa, katika mazungumzo ya kila siku, ni umbali: tunasema basi la masafa marefu. Mafundi wa redio walilichukua neno hilo wakalipa kazi nyingine, kwamba ni idadi ya mara ambazo wimbi hupanda na kushuka kwa sekunde moja, inayopimwa kwa hezi. Lakini ufupi unaotajwa kwenye "masafa mafupi" si wa umbali, wala si wa idadi hiyo. Ni ufupi wa wimbi, kutoka kilele kimoja hadi kilele kinachofuata. Mitetemo ikiongezeka, wimbi hupungua urefu. Hesabu yake ni nyepesi: chukua 300, gawa kwa megahezi (kila moja ni hezi milioni moja), unapata mita. Kituo cha megahezi 6 kina wimbi la mita 50, cha megahezi 15 kina la mita 20. Kitaalamu masafa mafupi ni megahezi 3 hadi 30, yaani mawimbi ya mita 100 hadi mita 10, ingawa redio nyingi huanza chini kidogo, kwenye megahezi 2.3. Megahezi moja ni kilohezi 1000, na humu nitatumia vipimo vyote viwili kwa sababu ndivyo vinavyoandikwa kwenye vioo vya redio zetu.

Nimerudi kwenye jambo hili kwa sababu ya mzee mmoja wa Kibirizi, hapa Kigoma. Zilikuwa siku za mbalamwezi, ambapo wavuvi wa dagaa hubaki nchi kavu kwa kuwa taa zao hazina nguvu mbele ya mwezi. Mzee alikuwa amekaa mchangani, ameegemea mtumbwi, mkononi ana redio ndogo ya Kichina ya betri mbili, ile yenye swichi ya kuteleza kutoka FM kwenda MW, kisha masafa mafupi yenyewe, SW1 mpaka SW7. Alikuwa kwenye SW2. Akizungusha gurudumu la pembeni kuelekea kulia, vituo vilikuja kimoja baada ya kingine: Kifaransa, Kiarabu, muziki, Kifaransa tena. Akirudi kushoto, vituo viliisha. Palibaki mvumo, na ndani ya mvumo kitu kama bata wanaogombana, wakinyamaza, wakianza tena.

"Upande huu redio yangu imekufa," akaniambia.

"Haijafa, mzee. Huo upande una wenyewe."

"Wenyewe gani wanaoongea kama bata?"

Wenyewe wa masafa mafupi ni wengi, lakini makundi mawili ndiyo yanayosikika zaidi kwa mtu wa kawaida, na kwa Kiswahili yanatenganishwa na herufi moja tu: idhaa na ridhaa. Idhaa ni utangazaji. Mmoja anasema, maelfu wanasikiliza, na msikilizaji hana njia ya kujibu kwenye hewa hiyo hiyo. Ridhaa ni kama tunavyosema ndondi za ridhaa: mtu binafsi, mwenye leseni na mtambo wake mezani, anazungumza na wenzake wa nchi nyingine bila malipo na bila biashara, kwa kupenda kujifunza. Mtambo wa idhaa huwa na kilowati 100, 250, hata 500. Mtambo wa kawaida wa ridhaa una wati 100. Hata tukichukua kituo kidogo kati ya hivyo vya idhaa, ni mara elfu moja. Kwa hiyo lazima watenganishwe, la sivyo mnyonge hatasikika kamwe.

Sasa, kwa nini wasikatiwe katikati? Megahezi 3 hadi 16 wapewe hawa, 16 hadi 30 wapewe wale, mambo yaishe. Badala yake ukitembea na sindano ya redio kutoka chini kwenda juu unakutana na kipande cha ridhaa, cha idhaa, cha meli, cha ndege, cha idhaa tena, cha ridhaa tena, kama nguo ya viraka. Mtu anaweza kudhani walioigawa walikuwa wamechoka. Kumbe mpango huo una akili, na akili yake imetoka angani.

Wimbi fupi hufika mbali kwa sababu linapanda juu, linakutana na tabaka la hewa lililochomwa na jua hadi likawa na chaji za umeme, tabaka linaloitwa ionosfea, kisha linapindishwa kurudi chini. Sehemu ya juu ya ionosfea, iliyo kama kilomita 200 hadi 400 kutoka ardhini, ndiyo hasa inayorudisha mawimbi. Chini yake, kwenye kilomita 60 hadi 90, kuna tabaka jingine linalotokea mchana tu, na lenyewe halirudishi, linameza. Linameza zaidi mawimbi marefu, yale ya megahezi chache. Jua likitua, tabaka hilo la chini linatoweka kwa muda mfupi, na ghafla megahezi 3, 5, 6 na 7 zinafunguka. Wakati huo huo tabaka la juu linapoteza nguvu taratibu, na mawimbi mafupi sana, ya megahezi 15 au 21, yanaanza kulipenya na kupotelea angani bila kurudi. Kwa kifupi, mchana ni wa megahezi nyingi, usiku ni wa megahezi chache.

Hapa Kigoma jambo hili linaonekana vizuri kuliko sehemu nyingi. Saa zetu ni moja na za Dar es Salaam, lakini jua halifuati saa ya ukutani. Sisi tuko magharibi kabisa mwa nchi, kwa hiyo jua hutua kwetu kama dakika 40 baada ya kutua Dar. Ukiwasha redio saa moja kasoro robo jioni ukiwa Ujiji, anga ya mashariki imeshaingia giza na anga ya Kongo bado ina jua. Vituo vya upande wa giza vinaanza kujaa kwenye megahezi za chini, huku megahezi za juu bado ziko hai kuelekea magharibi. Ni muda mfupi, lakini kwa mtu anayependa redio ni muda wa dhahabu, na ninawaonea huruma wanaoumaliza wakisubiri daladala.

Ndiyo maana huwezi kuikata SW katikati. Fikiria ndugu wawili wanaorithi shamba lililo kwenye mteremko, juu kilima, chini bonde. Ukimpa mmoja kilima chote na mwingine bonde lote, masika mmoja atavuna na mwenzake mashamba yake yatakuwa yamejaa maji, na kiangazi mambo yatageuka. Wazee wenye busara humpa kila mmoja kipande bondeni, kipande katikati na kipande kilimani, ili kila msimu kila mmoja awe na pa kulima. Masafa mafupi yamegawanywa hivyo hivyo. Kila kundi lina vipande kumi au zaidi, vimetawanywa kutoka chini mpaka juu, ili saa yoyote ya siku, na mwaka wowote wa jua, kuwe na angalau kipande kimoja kinachofanya kazi. Nasema mwaka wa jua kwa sababu jua lina mzunguko wake wa miaka kama 11 wa kuongezeka na kupungua madoa. Madoa yakiwa mengi, kama ilivyokuwa mwaka 2024, megahezi 21 mpaka 28 huchangamka. Yakipungua, vipande hivyo hulala siku nyingi.

Tuanze bondeni, maana huku ndiko kuna historia yetu wenyewe.

Kuna vipande vitatu vya idhaa ambavyo nchi za Ulaya hazikupewa. Cha kwanza kinaanza kilohezi 2300 na kuishia karibu na 2500, kinaitwa mita bendi 120. Cha pili ni 3200 hadi 3400, mita bendi 90. Cha tatu ni 4750 hadi 5060, mita bendi 60. Hivi vinaitwa bendi za tropiki, na sababu ya kuwepo kwake ni radi. Redio ya masafa ya kati, ile MW, huharibiwa sana na radi, na kelele za radi hupungua kadiri megahezi zinavyopanda. Sisi tunaishi kando ya Bonde la Kongo, mojawapo ya sehemu zenye radi nyingi kuliko zote duniani. Kila mkazi wa Kigoma ameziona usiku zikiwaka nyuma ya milima ya ng'ambo bila hata sauti. Basi nchi za ukanda huu zikaruhusiwa kutangazia wananchi wao kwenye mawimbi haya. Mtambo hurusha wimbi karibu wima, likagonga anga na kurudi chini kama mvua, likifunika mamia ya kilomita kila upande bila kuacha pengo. Kwa nchi kubwa yenye vijiji vilivyotawanyika, hakukuwa na njia ya bei nafuu zaidi. Redio Tanzania Dar es Salaam ilikuwa ikisikika kwenye kilohezi 5050, ndani ya kipande hicho cha tatu, na kutoka Dar hadi hapa ni zaidi ya kilomita 1,000 kwa mstari ulionyooka.

Kipande hicho cha mita 60 kina jambo dogo ninalolipenda. Si kipande kimoja kamili. Kinakwenda mpaka 4995, kinakatika, halafu kinaanza tena 5005. Kilohezi kumi za katikati zimeachwa kwa ajili ya saa. Vituo maalumu, kikiwemo kimoja cha Marekani, hurusha kwenye 5000 kamili mdundo wa kila sekunde, ili mabaharia na mafundi wa dunia nzima waweze kurekebisha saa na mitambo yao. Hali ni hiyo hiyo kwenye megahezi 10, 15 na 20. Ukisikia tiki, tiki, tiki usiku wa manane kwenye namba kamili kama hizo, redio yako haina ubovu wowote.

Bondeni huko huko ridhaa nao wana sehemu yao. Wana 1810 hadi 1850, ambayo redio nyingi hazifiki, na wana 3500 hadi 3800, wanayoiita mita 80. Mwaka 2015, kwenye mkutano wa dunia wa masafa huko Geneva, waliongezewa ukanda mwembamba sana, 5351.5 hadi 5366.5. Ni kilohezi 15 tu, upana usiotosha hata vituo viwili vya idhaa, tena kwa nguvu ndogo mno, na si kama wenye mali. Hapa inafaa kueleza kwamba kwenye sheria za masafa kuna mwenye nyumba na kuna mpangaji. Mwenye nyumba akihitaji chumba, mpangaji anapisha. Mpangaji akisumbuliwa na mwenye nyumba, halalamiki. Kwenye ukanda huo wa megahezi 5, na kwenye ule wa 10100 hadi 10150, ridhaa ni wapangaji.

Sasa twende kwenye megahezi 7, palipokuwa pamekwamia redio ya mzee wa Kibirizi. Hapa ndipo idhaa na ridhaa wanapokaa ukuta kwa ukuta, na hapa ndipo pamekuwa na mgogoro wa mpaka wa miaka mingi.

Dunia ya redio imegawanywa kanda tatu. Kanda ya 1 ni Afrika yote, Ulaya, sehemu kubwa ya Mashariki ya Kati na sehemu ya kaskazini ya Asia. Kanda ya 2 ni mabara ya Amerika. Kanda ya 3 ni Asia iliyobaki na Oceania. Zamani, kwenye kanda yetu, ridhaa walikuwa na kilohezi 7000 hadi 7100, na kuanzia 7100 hadi 7300 palikuwa pa idhaa. Lakini Amerika ridhaa walikuwa na yote, 7000 mpaka 7300. Wimbi la megahezi 7 usiku halina habari na kanda. Kwa hiyo mtu wa ridhaa wa Chicago aliyekuwa halali kabisa kwenye 7150 alikutana kila usiku na mitambo ya kilowati 250 ya upande huu wa dunia, nayo ikiwa halali kabisa.

Mwaka 2003, mkutano wa dunia wa masafa ulikaa Geneva na kuamua idhaa wahame. Kwenye Kanda ya 1 na ya 3, kilohezi 7100 hadi 7200 zikapewa ridhaa, na idhaa wakasogezwa juu, 7200 hadi 7450. Waliohamishwa walipewa muda wa kutosha kuaga: mpaka ulianza kutumika tarehe 29 Machi 2009. Amerika waliendelea na yao, kwa hiyo kati ya 7200 na 7300 mgongano bado upo, lakini sasa dunia nzima ina kilohezi 200 za ridhaa zisizoguswa na idhaa, 7000 hadi 7200. Kwa maoni yangu huo ni mmoja wa mipango bora kuwahi kutoka kwenye mikutano hiyo, kwa sababu wenye nguvu walihama kumpisha mnyonge, na walihama kweli.

Palepale kwenye megahezi 7 kuna kichekesho cha majina ambacho kimewapoteza wengi. Kipande cha ridhaa kinaitwa mita 40. Kipande cha idhaa kinachokipakana kinaitwa mita 41. Ungedhani wimbi la ridhaa ndilo fupi. Piga hesabu. Tukigawa 300 kwa 7.1, katikati ya kipande cha ridhaa, tunapata mita 42 na kitu. Tukigawa 300 kwa 7.4, ndani ya kipande cha idhaa, tunapata mita 40 na nusu. Majina yamepishana na ukweli! Hayo ni majina ya utani yaliyoganda tangu zamani, kama vile mtu mzima mwenye wajukuu anavyoendelea kuitwa Kadogo. "Mita 15" ni mbaya zaidi: kwa watu wa idhaa ni megahezi 18.9 hadi 19.02, kwa watu wa ridhaa ni megahezi 21. Wakizungumza pamoja bila kutaja namba hawaelewani. Ushauri wangu ni mmoja: sikiliza jina, lakini andika kilohezi.

Kutoka hapo kupanda juu naweza kwenda haraka. Idhaa wana 5900 hadi 6200, ambayo ni mita 49, uwanja mkubwa wa usiku, na Redio Rwanda ilikuwa ikikaa humo kwenye 6055. Wana 9400 hadi 9900 ya mita 31, na 11600 hadi 12100 ya mita 25, humo ndimo Zanzibar imesikika miaka mingi kwenye 11735. Juu yake kuna 13570 hadi 13870, 15100 hadi 15800, 17480 hadi 17900, ile ndogo ya 18900 hadi 19020, kisha 21450 hadi 21850 na mwisho 25670 hadi 26100, ambayo leo ni karibu nyumba tupu. Ridhaa wana 14000 hadi 14350, ambayo kwao ni barabara kuu ya dunia, wana 18068 hadi 18168, 21000 hadi 21450, 24890 hadi 24990, na kilimani kabisa 28000 hadi 29700. Utaona kwamba kwenye 21450 wanapakana tena, kama kwenye 7200, lakini huko juu ugomvi ni mdogo.

Tazama namba za mwanzo za ridhaa: 3.5, 7, 14, 21, 28. Zote zinazaana. Hii haikutokea kwa bahati. Mtambo wowote wa kurusha, hasa wa zamani, huvujisha kidogo kwenye mara mbili na mara tatu ya namba yake. Mtambo wa megahezi 7 ukivuja, uchafu wake unaangukia 14 na 21, yaani kwenye shamba la ridhaa wenyewe, si kwa jirani. Mpangilio huo wa msingi ulikubaliwa Washington mwaka 1927, ingawa kipande cha 21 kiliongezwa mwaka 1947. Vipande vya 10, 18 na 24 vilikuja baadaye, kwa uamuzi wa mwaka 1979.

Na ridhaa walistahili kukaa mezani kule Washington. Mwaka 1912 sheria ya Marekani iliwasukumia kwenye mawimbi ya chini ya mita 200, kwa imani ya wataalamu wa wakati ule kwamba mawimbi mafupi hayafiki popote. Ilikuwa kama kumpa mtu ardhi ya mawe. Wao wakaendelea kujaribu. Novemba 1923, Léon Deloy akiwa Nice, Ufaransa, na Fred Schnell akiwa Connecticut, Marekani, walizungumza kwa alama za Morse kuvuka Bahari ya Atlantiki, kwa wimbi la mita kama 100. Ardhi ya mawe ikaonekana ina dhahabu. Baada ya hapo serikali, makampuni na watangazaji wote walikimbilia huko, na ndipo ikabidi kugawana.

Anayesimamia mgawanyo huo ni Muungano wa Kimataifa wa Mawasiliano, ITU, ulioanza Paris mwaka 1865 ukishughulikia simu za maandishi za nyaya, na leo ni shirika la Umoja wa Mataifa lenye makao Geneva. ITU hupanga kipande kipi ni cha kazi gani. Nchi ndiyo hupanga nani apewe leseni ndani ya kipande hicho, na kwetu kazi hiyo ni ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA. Mtanzania wa ridhaa akipewa leseni, hupewa na jina la hewani linaloanza na 5H. Burundi ni 9U, Rwanda 9X, Kongo ya Kinshasa 9Q. Ukisikia sauti ikijitambulisha hivyo, umeshajua inatoka upande gani wa ziwa.

Ndani ya vipande vyao, watangazaji nao hupangana. Vituo hukaa kwenye namba zinazogawanyika kwa 5, ndiyo maana utakuta 6055 na 11735 lakini si rahisi kukuta 6057. Na kwa kuwa anga hubadilika na misimu, ratiba hubadilishwa mara mbili kwa mwaka, Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Nimewasikia watu wakilalamika kwamba kituo chao kimefungwa, kumbe kimehama nyumba usiku wa kuamkia Jumapili hiyo. Kabla ya kutupa redio, tafuta kwenye kipande cha jirani.

Kingine kinachowashangaza watu wa huku: mnara unaweza kuwa karibu na usisikike vizuri. Deutsche Welle ilikuwa na kituo cha kurushia Kigali kuanzia mwaka 1965 mpaka kilipofungwa Machi 2015. Kutoka Kigali hadi Kigoma ni kama kilomita 330 tu. Lakini wimbi la megahezi 15 likirushwa kwa kulala kuelekea mbali, hupita juu ya vichwa vya majirani na kutua maelfu ya kilomita mbele. Walio katikati wako kwenye eneo la kurukwa. Hapo ndipo unaelewa kwa nini bendi za tropiki zilikuwa na thamani kwetu: hazikumruka mtu.

Kati ya vipande vya idhaa na ridhaa, je, ni pori? Hapana. Humo wamo meli, wamo marubani, hasa wanaovuka anga pana isiyo na minara ya karibu. Kipande cha 8815 hadi 9040, kwa mfano, ni cha marubani. Humo pia zilikuwamo zile tulizoziita redio za upepo. Wakongwe wa Kigoma wanakumbuka magari ya mashirika yaliyohudumia wakimbizi miaka ya 1990, yenye antena ndefu kama fimbo ya kuvulia ikiyumba mbele ya gari. Antena ile ilikuwa ya masafa mafupi, na namba zake zilikuwa kwenye vipande hivyo vya katikati, mbali na muziki na mbali na bata.

Nirudi kwa bata. Kituo cha idhaa hurusha wimbi mama lisilo na sauti, na pande zake mbili nakala mbili za sauti ile ile, zikichukua upana wa kama kilohezi 10. Redio yako hutumia wimbi mama kama kipimo cha kuisoma sauti. Watu wa ridhaa, kwa kuwa nguvu yao ni ndogo, hutupa wimbi mama na nakala moja, wakabakiza nakala moja tu, kilohezi 3 hivi. Nguvu yote inaingia kwenye maneno, na nafasi inatosha watu wengi zaidi. Lakini redio ya kawaida inakosa kipimo, na sauti ya binadamu inatoka imepinda kama ya bata. Redio yenye swichi ya SSB, yaani ya kusoma nakala moja, inarudisha kipimo hicho, na bata anageuka kuwa mtu mwenye lafudhi yake, anayesimulia hali ya hewa ya kwao.

Redio kama hiyo inakufungulia mengine pia. Chini ya 7040 utasikia Morse, iliyo hai mpaka leo. Kwenye 7074 utasikia filimbi nyingi zikiimba pamoja, zikinyamaza pamoja, zikianza tena kila sekunde 15. Hizo ni kompyuta zikibadilishana ujumbe mfupi kwa njia ya FT8, iliyotolewa mwaka 2017, ambayo husomeka hata pale ambapo sikio halisikii kitu. Na 7110 kwenye kanda yetu wamekubaliana ipishwe pakitokea maafa, ili wanaoomba msaada wapate nafasi. Hayo hayamo kwenye mkataba wa ITU. Ni makubaliano ya ridhaa wenyewe kupitia umoja wao wa kimataifa ulioundwa Paris mwaka 1925, na wanayaheshimu.

Nilipomaliza kumweleza mzee, alinyamaza akiitazama redio yake. Kisha akanionyesha kioo. Chini ya SW2, kwa maandishi meupe yaliyoanza kufutika, imeandikwa 7.10 mwanzo na 7.30 mwisho. Aliyetengeneza plastiki ile alifuata mpaka wa zamani, wa kabla ya 2009. Nusu ya kushoto ya dirisha lile ilishapewa watu wengine, na hakuna aliyekuja Kibirizi kumwambia.

"Kwa hiyo mpaka uko hapa," akasema, akiweka ukucha katikati ya zile namba mbili.

"Hapo hapo, mzee. Saba nukta mbili."

Akatoa kisu cha kutengenezea nyavu, akailaza redio kwenye goti, na kwa ncha ya kisu akachora mstari mmoja mwembamba juu ya kioo. Akapuliza vumbi la plastiki. Halafu akazungusha gurudumu taratibu kuelekea kushoto, akauvuka mstari, akasogeza redio sikioni.